Mguu wa Punda

Kidole cha kati kilikuwa cha kwanza kukataa.
Mafuta ya ganda la korosho hayaulizi jina:
yaliruka kutoka kwenye pipa la kukaangia
yakauvaa mkono wangu kama glavu,
na ngozi ilipopona ikajikunja, ikavuta vidole
mpaka kiganja kikawa ngumi
isiyo na ugomvi na mtu.

Ndanda, wodi ya mwisho, dirisha linatazama mlima.
Akaja Marivic, mnyoosha viungo,
mfupi, ndala za bluu, mtu wa Iloilo, Ufilipino,
na badala ya dawa akaweka mezani
bonge la udongo alilomwomba shangazi Abina,
mfinyanzi wa vyungu kule Mwena.
"Minya," akasema.
Nikaminya. Nikalia.
"Tena."

Siku ya tisa bonge likaota masikio.
Sikukusudia. Yalikuwa masikio ya punda.
Marivic akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa,
akapiga picha; akasogeza sikio
upana wa punje ya mtama, akapiga nyingine.
Kumi na mbili. Kisha akazikimbiza kwa kidole,
na punda akasikia kitu.

Tangu hapo sikuhesabu maumivu, nilihesabu picha.
Miguu ya punda ni waya wa breki ya baiskeli.
Jua la saa saba likiingia humpasua mgongo,
nami humpaka mafuta ya nazi, namziba nyufa
kwa kidole kile kile kilichokataa.
Mara sisimizi kapita kwenye picha ya arobaini.
"Mwache, naye ni mwigizaji."
Mara umeme umekwenda na kivuli cha punda nao.

Kila asubuhi nikimsogezea kiti husema, "Salamat,"
nami hujibu, "Salama, za kwako?"
Wiki mbili nzima tulisalimiana hivyo
kabla sijajua kwamba alikuwa akinishukuru.
Kunishukuru mimi! Kwa kiti!

Siku ya kuruhusiwa mama alileta korosho kilo tatu,
kuku aliyefungwa miguu, na bahasha.
Marivic akapokea kuku, akarudisha bahasha.
Kwetu, akasema, lipo deni liitwalo *utang na loob*.
Mama akasikia utani, akauliza kwa kicheko
tangu lini Wamakonde na Wafilipino ni watani.
"*Loob* ni ndani. Ndani ya mtu, kama ndani ya chungu.
Deni la humo halina risiti.
Ukililipa likaisha, umemfukuza aliyekukopesha.
Mimi nilisomeshwa na jirani, muuza samaki wakavu.
Amekufa. Sasa mkono huu, unadhani
namnyooshea nani?"
Mama akanyamaza.
Kuku naye akanyamaza.

Wahenga wamesema fadhila za punda ni mateke,
na kwa miaka mingi nimewaamini.
Sasa niko nyumbani Chikundi, meza moja, taa mbili,
natengeneza filamu ya sekunde tisa:
punda amenyweshwa maji. Anageuka.
Anainua mguu wa nyuma, kama ilivyo desturi,
kisha anaushusha, taratibu,
bila kumgusa aliyeshika ndoo.

Picha mia moja na nane.
Aliyeshika ndoo ni mfupi, ana ndala za bluu.
Kichwa chake nilikitoa kwenye lile bonge la wodini
na bado kina alama za vidole vya watu wawili:
zake zina mistari,
zangu laini, moto ulifuta.

Nimefika ya sabini na moja.
Mguu uko hewani tangu Jumanne.
Nilimwandikia, huko alikorudi kumuuguza mama yake,
kwamba nikimaliza nitamtumia, nasi tutakuwa tumelipana.
Amejibu kwa neno moja la Kiswahili,
lile alilojifunza kwa wagonjwa
wasiotaka kusema hapana:
"Bado."

Nausogeza mguu upana wa punje ya mtama.
Juu kidogo.
Napiga.